Matundu Yaliyobanwa

Mkuu wetu wa maabara ana shahada tatu, na hajui kwamba seli nazo zinakula. Au anajua, ila hajali. Sijui lipi linaniudhi zaidi.

Kazi yangu ni kubuni viunzi: vipande vyembamba vyenye matundu, ambamo seli za mgonjwa hupandwa zikue ziwe ngozi. Kiunzi cha safari hii kilikuwa cha binti wa dada yangu, miaka saba, aliyemwagikiwa na maji ya moto. Kovu limemvuta kidevu mpaka kifuani. Akitaka kukuona usoni, lazima alale chali.

Mkuu alikishika kipande cha majaribio kwenye mwanga. "Wageni wanakuja, halafu niwaonyeshe chujio? Yabane haya matundu. Nataka kitu kinachong'aa."

"Yakibanwa, chakula hakipiti. Seli za ndani zitakufa."

"Kizuri chajiuza, mama. Au nimpe mwingine hii kazi?"

Nikafyata mkia. Mimi, ambaye nyumbani hata baba mkwe hupima maneno akiniona! Nikaketi kwenye kompyuta, nikayabana, mashine ikachapa kiunzi laini kama ganda la yai. Tukapanda seli za mtoto zilizotolewa pajani, wageni wakaja wakapiga picha, na mkuu akacheka mpaka magego yakaonekana.

Siku mbili kabla ya upasuaji wa kumpandikiza mtoto ngozi hiyo, nilikata kijipande nikakiweka kwenye hadubini. Juu seli zilikuwa tele. Ndani zilikuwa zimekufa zote.

"Andika kwamba seli za mtoto zilikuwa dhaifu," mkuu akasema, hata bila kuinua macho.

"Andika mwenyewe, mwongo mkubwa!" Nikamtupia ripoti mezani, nikaenda wodini kwa dada na mwanawe.

Nilimwambia dada kwamba upasuaji umeahirishwa, na kwamba mtoto atakatwa tena pajani ili zipatikane seli nyingine. Kisha nikamsimulia jinsi mkuu alivyotaka matundu yabanwe, nikamtukana mkuu huko huko aliko kwa matusi yote niliyoyajua, mpaka nesi akageuka. Dada alisubiri nimalize.

"Na wewe, mdogo wangu, ulikuwa hujui kwamba zitakufa?"

"Nilijua, dada."

"Nani aliyeyabana hayo matundu?"

"Mimi."

Akanifungulia mlango. "Basi nenda. Siku ya kumkata mwanangu, atakayemshika ni mimi peke yangu. Wewe usije."