Nimeivuta

...na betri asilimia sitini na nne, dakika kumi na moja kwa hesabu ya rimoti, upepo si wa kutisha, droni inakwenda na kurudi juu ya mabati kama mtu anayefagia uwanja, mstari huu, inageuka, mstari ule, kila sekunde mbili picha, na yeye mpima kazi yake sasa ni kusimama tu shingo juu, kwa sababu kinachoruka kinajiendesha, kinachotaka akili kiko chini, zile alama tisa za kitambaa cheusi na cheupe alizotandaza ardhini tangu asubuhi, kila moja imepimwa katikati, mahali ilipo na kimo chake, ili picha zikifika ofisini zijue zinakaa wapi duniani, bila alama ramani inaelea, nzuri ya kutazama lakini haina adabu, na vitambaa vyenyewe kashona Shangazi kwa cherehani yake, pindo mbilimbili, akasema nguo za kuvalisha ardhi hajawahi kushona lakini mteja ni mteja... na nyuma yake dereva wa ofisi, ambaye asubuhi ndiye aliyemshikia fimbo ya kupimia, ameegemea gari anaongea, dereva huyu akianza hana kituo, leo ni viatu, "mwezi havijamaliza, ona, na lile tope la uani kwa shangazi yako ndilo limevimaliza," mm, anaitikia, asilimia sitini na moja, "kile chombo cha kichwani mwa fimbo hakioni satelaiti kwa ajili ya ule ukuta, ikabidi niivute fimbo mpaka mwisho, huku nazama," mm, mstari wa saba, inageuka... mpaka mwisho. Fimbo mpaka mwisho ni mita mbili. Alama zote fimbo ilikuwa mita moja na themanini, na kwenye alama ya tano, uani kwa Shangazi, aliandika moja na themanini, mkono uliandika wenyewe kwa mazoea, "Uliivuta?" anauliza bila kugeuka, "Si nilikupigia kelele? Nimeivuta mpaka mwisho! Na wewe ukacheka," na kweli alicheka, alimwona yuko topeni mpaka kifundoni akasikia nimeuvuta, mguu, ameuvuta mguu, hongera, akacheka na Shangazi akacheka, kumbe ni i wala si u, herufi moja, fimbo si mguu, sentimita ishirini, shubiri moja ya mkono wa Shangazi anapopima mtu kiunoni kabla hajatafuta tepu... na hesabu hii haina huruma, chombo hupima kimo cha kule juu kilipo, kisha unatoa urefu wa fimbo, ukidhani fimbo ni fupi kuliko ilivyo, ardhi inapanda, ile ya tano ilitoka mita kumi na mbili na sentimita hamsini na nane, mstari wa mafuriko ni kumi na mbili na nusu, walio chini ya mstari watahamishwa, walio juu watabaki, basi Shangazi alikuwa juu kwa vidole vinne, na sasa toa ishirini, thelathini na nane, Shangazi yuko chini. Na alishamwambia. Kanuni ya kazi inasema usimwambie mtu chochote kabla ramani haijatoka, lakini Shangazi alimshika mkono, "Haya mtaalamu, mimi nimo au simo?" akainama akamnong'oneza, umepona Shangazi, na yule mama aliyemlea tangu darasa la kwanza akakaa chini palepale kwenye kizingiti kama aliyekatwa kamba, halafu akainuka akaenda kutoa kitambaa cha mapazia ambacho kimekaa sandukuni mwaka mzima, nani anashona mapazia ya nyumba ya kubomolewa... asilimia hamsini na tatu. Nani atajua? Ripoti ya makosa huisoma yeye, alama moja ikipinda kidogo ataandika tope, ataandika ukuta, mkuu wake hatazami zaidi ya rangi za ramani, na dereva kesho atakuwa kwenye habari nyingine, vidole vinne tu, wengine huiba vikubwa, na anaitaka, hapa hakuna wa kumdanganya, anaitaka hiyo shubiri kwa moyo wote, damu nzito kuliko maji wanasema, ila waliosema hawakukaa bondeni, "sasa fundi wa viatu ananiambia soli haishiki," mm, yeye anakumbuka ule mchana, ana miaka minane, kalala chini kwenye godoro, akaamka nywele zimelowa, Shangazi akambeba akamweka juu ya meza ya kukatia, akasimama majini akimshika miguu, akiimba vibaya kwa sauti kubwa ili mtoto asisikie vyungu vikigongana, na maji yalifika kwenye pedali ya cherehani, hayakuuliza nani yuko juu ya mstari, maji hufuata mkondo, na godoro lile lile siku hizi analilalia mjukuu, unene wake haufiki shubiri... asilimia arobaini na nane, mstari wa kumi, na hiyo ramani ndiyo watakayoifuata, aliyeandikwa juu hatahamishwa wala hatajengewa tuta, ataachwa na mapazia yake mapya, na siku maji yakija ataamini ni bahati mbaya, hatajua kamwe ni nani aliyempandisha... "Unanisikia kweli?" dereva anauliza, "Nakusikia," anajibu, "hii ikishuka tunarudi ile ya tano, tunaipima upya," "Kwenye tope lile?" "Fimbo nitashika mimi," na dereva anaguna, anarudi kwenye soli zake, na droni inageuza, inarudi, mabati, miti, mabati, na ng'ambo ya njia Shangazi amejitokeza mlangoni, tepu shingoni, kitambaa cha bluu begani, anampungia mkono kwa furaha, na yeye anampungia, mkono mmoja kwenye rimoti, akiyapanga maneno, Shangazi, ramani imesema, hapana, ramani haijasema kitu, Shangazi, nilikosea, nimepima tena, mimi mwenyewe, uko chini, anaanza upya, Shangazi, uko chini, na kila akilifikia hilo neno Shangazi bado anapunga.