Bibi Harusi wa Kisimani

Tangu kiharusi kimwangushe Madhukar Gawde bafuni, mwaka wa pili sasa, ulimi wake ulibakiwa na neno moja tu: "kesho." Akitaka maji, kesho. Akiwashwa mgongo, kesho. Akikasirika ni kesho hiyohiyo, ila kwa sauti ya juu. Kichwani maneno yalijipanga sawasawa. Yakifika mdomoni yanageuka lile moja. Hata kalamu mkononi ilichora mikwaruzo tu.

Jumapili moja mchana, mvua ikiuchapa mtaa wa Goregaon bila huruma, mjukuu wake Ketaki aliwasha televisheni kwa mbwembwe.

"Babu, leo nimekupatia! Ile tamthilia ya mizimu uliyokuwa fundi wake wa taa. Kuna mtu kaitia mtandaoni. Hii inaitwa 'Bibi Harusi wa Kisimani.'"

Moyo wa mzee uliruka.

Wakajipanga kochini: Ketaki, baba yake, Shirish, aliyeshika rimoti, na mama yake, Supriya, mwenye sahani ya bhajia za vitunguu. Kwenye kioo, popo akapita juu ya kasri, uzi wake ukionekana waziwazi. Ukungu ukafuka hadi shujaa akakohoa kweli, na sharubu zake zikabanduka upande mmoja.

"Sharubu zinakimbia mzimu!" Shirish akapiga paja.

Kisha bibi harusi akatokea ngazini, uso wa mpira, nywele hadi kiunoni, miguu ikitazama nyuma kama inavyompasa mzimu. Hatua ya tatu, mguu mmoja wa bandia ukachomoka. Mzimu ukausukuma kando kwa kisigino, ukaendelea kushuka.

"Jamani, mzimu umevua kiatu!" Ketaki aligaagaa kochini. "Halafu mtazameni anavyotembea. Kama mwalimu anayekagua kucha!"

Madhukar alicheka kwa nusu ya mdomo iliyomtii, machozi yakimtoka. Maana mzimu yule alikuwa mwalimu kweli. Alikuwa Malati, mkewe, mama yake Shirish na bibi yake Ketaki.

Siku ya kurekodi, mwigizaji mwenyewe aliona chura ndani ya tangi la maji lililofanywa kisima, akapiga yowe na kuondoka na teksi. Malati alikuwa amemletea mumewe chakula cha mchana. Mwongozaji akaziona nywele zake. "Dada, dakika kumi tu." Mwalimu wa hesabu aliyeogopwa na shule nzima akavikwa uso wa mpira, akajazwa maji ya kiazi chekundu kinywani yafanane na damu. Jioni akamkamata mumewe sikio. "Ole wako umwambie mtu. Nani ataniogopa tena darasani?"

Madhukar aliitunza siri miaka thelathini. Malati alipokuwa kitandani kwa maradhi yaliyomwondoa, alimwambia mwenyewe, "Nikishakwenda, waambie. Wacheke kidogo." Mzee akaona asubiri hadi kisomo cha kutimiza mwaka wa kifo chake, ukoo wote ukiwa umekutana. Kiharusi kikaja wiki tatu kabla.

Sasa shujaa alikuwa ukingoni mwa kisima, jivu takatifu mkononi. Madhukar alijua kinachofuata: jivu litarushwa, uso wa mpira utaanguka, na Malati atainua macho kutoka majini, meno mekundu, akitazama kamera moja kwa moja. Wangemwona wenyewe. Lakini ingekuwa kufumba na kufumbua tu, nao wanachekea sharubu.

"Kesho!" akaita.

"Nini, Baba? Maji?" Supriya akamsogezea kikombe.

Akakisukuma. "Kesho! Kesho!"

"Labda sauti kubwa," Shirish akasema, akaipunguza.

Mzee akanyanyua mkono wa kushoto, akaonyesha televisheni. Kisha akaonyesha ukutani, kwenye picha ya Malati iliyovishwa shada. Televisheni. Picha. Televisheni. Picha.

Kicheko kikakatika. Supriya akaweka sahani chini.

"Shirish, zima. Sisi tunachekelea mizimu, na Mama yupo pale anatutazama. Baba ameumia."

"Kesho!" Madhukar alipiga kelele. "Kesho! Kesho!"

"Samahani, Baba. Tumekosa," Shirish akasema kwa upole, na kioo kikawa cheusi, shujaa akiwa ndiyo kwanza anainua mkono.

Supriya akamfuta machozi kwa ncha ya sari. Ketaki akawasha ubani mbele ya picha, akainamisha kichwa, amejaa haya. Mzee akawatazama mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wakimpenda, na hapakuwa na mlango wa kuwafikia.

Baadaye Ketaki akamlisha bhajia, kipande kwa kipande, akamwahidi kwamba upuuzi ule hautaonyeshwa tena nyumbani. Akatimiza. Na mpaka leo katika nyumba ile hakuna ajuaye Malati aliwahi kufanya nini ndani ya tangi la maji.