Kiti cha Dereva

Misumari ilikuwa mdomoni, nyundo mkononi, na nusu ya mwili wake ilikuwa imeingia tumboni mwa kochi lililopinduliwa miguu juu, baba yake alipoita.

"Mama."

Alimwita bintiye mama kwa sababu binti huyo alibeba jina la bibi yake mzaa baba, na tangu azaliwe mzee hakuwahi kumwita vinginevyo. Mtaani wengine wote walimwita Fundi. Sasa Fundi hakuweza kuitika. Mwenye misumari mdomoni akiitika, ama ataimeza ama ataitema, na misumari hii alikuwa ameing'oa mmoja mmoja kwenye kochi hilohilo na kuinyoosha juu ya jiwe, maana ile ya dukani iliuzwa kwa bei ya kuruka. Akaitema kiganjani, akajitoa kinyumenyume, nywele zimejaa vumbi la usumba wa kujazia viti, akaenda.

Mzee alikuwa palepale alipokuwa tangu asubuhi, kwenye kiti chake karibu na dirisha, redio mbele yake. Kukaa alikaa mwenyewe. Kuinuka ndiko kulikuwa na kazi, kwa sababu kiti kilikuwa kimebonyea mpaka magoti ya mzee yakawa juu kuliko nyonga. Fundi akampa mikono yote miwili, akaweka miguu yake mbele ya ile ya mzee isije ikateleza, wakahesabu pamoja kama kawaida yao.

"Moja, mbili, vuta."

Akavuta, mgongo ukalia. Mzee akasimama, akacheka kidogo. Mtu aliyeendesha lori maisha yake yote, alisema, siku hizi anaendeshwa na bintiye. Kisha akaenda zake msalani akipapasa ukuta, na Fundi akarudi chini ya kochi.

Ndivyo walivyoishi tangu mama mtu afariki. Ulimwengu wa Fundi uliishia pale sauti ya mzee ilipoishia. Bombani aliisikia. Kwenye kibanda cha kona aliisikia pia, upepo ukiwa mzuri. Sokoni haikufika, kwa hiyo sokoni alikwenda mbio na kurudi mbio, hadi wauza nyanya wakawa wanamtania kwamba yeye kila siku ameacha chungu motoni. Alicheka nao. Afanyeje? Kaka yake, aliyeishi mbali pamoja na mkewe na watoto wake, alipiga simu mara kwa mara kumshukuru, na jamani, alijua kushukuru huyo kaka. "Wewe ndiye unayemjua mzee," alisema kila mara, na kila mara Fundi alihisi mtu amefunga mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo.

Kisha kulikuwa na shoga yake. Walijifunza cherehani pamoja wakiwa wasichana, na sasa mwenzake alikuwa na karakana ya makochi katika mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti. Fundi aliusikiliza jikoni, tena na tena, mpaka akajua ni wapi mwenzake anavuta pumzi.

"Mashine yako iko hapa, nimeifunika nailoni," shoga yake alisema. "Nitakushikia mpaka mwisho wa mwezi. Ikipita hapo nitampa mwingine, na usije ukanilaumu."

Fundi angekwenda siku ileile, kwa viatu alivyovaa. Lakini nani angemvuta mzee?

Jibu lililetwa na nesi wa zahanati, bila mwenyewe kujua. Alikuja kumpima mzee presha, akamgongagonga magoti, akamkunja na kumkunjua miguu. "Miguu haina ugonjwa wowote," alisema akifunga mkoba wake. "Kiti ndicho kinachommeza." Mzee akacheka. Fundi hakucheka. Mzee alipotoka kuota jua, Fundi aliingia chumbani kwake na kipande cha uzi mnene, akapima kitanda kuanzia sakafuni hadi juu ya godoro, kwa maana kitandani mzee aliamka mwenyewe kila asubuhi bila mkono wa mtu. Akafunga fundo. Kiti kikifika kwenye fundo lile, alijiambia, na hakumalizia.

Tatizo ni kwamba kiti hakikuwa cha kuguswa. Mzee alinunua seti ile mwaka aliokabidhiwa lori lake la kwanza: kochi moja kubwa, viti viwili vidogo, na hicho chake, vyote vya mbao nzito za zamani ambazo siku hizi huzioni. Kumwambia nataka kukigusa kiti chako ilikuwa ni kutafuta ugomvi. Basi Fundi akazunguka kwa nyuma. Akatangaza kwamba sebule nzima imechakaa na inatia aibu. Mzee akauliza aibu kwa nani, nani anakuja? Fundi akasema siku moja mgeni atazama kwenye hilo kochi, watalazimika kumtibu nyonga. Mzee akafikiri, akakubali, ila chake kisiguswe. Fundi akasema sawa.

Pesa hakuwa nazo, macho alikuwa nayo. Kwenye mitumba alipata mapazia mazito ya kijani, yamepauka upande mmoja kwa jua, akayageuza nje ndani na rangi ikawa mpya. Mabaki ya sponji aliyaokota kwenye karakana ya magodoro, akayagandisha kwa gundi. Usumba wa zamani akaufua, akauanika, akauchambua kwa vidole mpaka ukaumuka. Springi zilikuwa zimekufa, akazitupa, na badala yake akasuka mikanda aliyokata kwenye mipira ya ndani ya matairi ya lori. Fundi wa pancha alimpa bure, kwa heshima ya mzee. Mbao akazipiga msasa, akazipaka vanishi iliyobaki jirani alipopaka mlango wake.

Kochi likaisha, vikaisha na viti vidogo. Kila kimoja kikakaa wima, kifua mbele, na katikati yao kiti cha mzee kikazidi kuonekana kilivyo. Fundi alifagia tu kukizunguka. Mzee alivumilia, akajikausha, akaongeza sauti ya redio, mwishowe akasema kwamba sasa yeye ndiye anayeonekana mgeni aliyekuja bila kualikwa.

"Haya, kifanye," alisema. "Lakini usikibadilishe."

Kukifanya bila kukibadilisha. We acha tu.

Aliifanya kazi hiyo sebuleni, mzee akimtazama kutoka ukingoni mwa kitanda chake, mlango wa chumba ukiwa wazi. Kitambaa cha juu kilitoka vipandevipande. Chini yake kulikuwa na kitambaa cha maua cha marehemu mama, kimefifia. Chini ya maua, ngozi ya bandia ya kahawia, ileile ya viti vya lori, ambayo mzee aliomba kipande chake, akakikunja na kukitia mfukoni. Fundi akapachika vipande vya mbao chini ya miguu ya kiti. Akavuta mikanda ya mpira kwa koleo mpaka ukiipiga inalia ngoma. Mzee alipogeuka kutafuta miwani, akatoa uzi, akapima. Kiti kilifika kwenye fundo, barabara.

"Huko kwa shoga yako," mzee akasema, "basi linachukua kutwa nzima?"

Nyundo ikasimama hewani.

"Ukuta wa jikoni ni wa mbao, mama. Nasikia."

"Kutwa nzima, baba."

"Barabara yake naijua. Ukishaingia ule mteremko wa mwisho, hata ukibadili mawazo hakuna pa kugeuzia lori." Akavaa miwani, na habari hiyo hakuitaja tena.

Siku kiti kilipokuwa tayari, Fundi alikirudisha karibu na dirisha, mzee akakikalia polepole, akaipapasa mikono ya kiti. Alilalamika kwamba amepandishwa kwenye lori la mizigo. Halafu akagundua kuwa sasa macho yake yanapita juu ya kizingiti cha dirisha, na anaiona barabara yote mpaka kwenye kona. Akaitazama. Fundi alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono ameifunga nyuma ya mgongo. Akamwomba ajaribu kuinuka.

Mzee akashika mikono ya kiti. Akainama mbele kidogo, akakunja uso, akajirudisha.

"Haiwezekani, mama. Nivute."

Akamvuta. Alimvuta siku hiyo, na kesho yake, na kila siku iliyofuata, huku akijilaumu. Pengine sponji ni laini mno. Akaweka ubao chini yake. Pengine mikono ya kiti inateleza. Akaipiga msasa tena. Mzee akiwa bafuni alikaa mwenyewe kwenye kiti kile akainuka, akakaa akainuka, akitafuta kosa, na hakuliona. Usingizi ukamtoka. Alijisikia mjinga, na zaidi ya ujinga alijisikia amezikwa, katika sebule nzuri aliyoipamba kwa mikono yake mwenyewe. Kaka yake alipotumiwa picha alisifu sana. Akasema sasa pamekuwa nyumba ya kukaa, na bila yeye wangekuwa wapi?

Mwezi ukaelekea kwisha. Mchana mmoja Fundi alitoka kwenda kununua uzi wa kijani kibandani, akafika getini na kukumbuka kwamba hakuchukua kipande cha kitambaa cha kulinganisha rangi. Akarudi kwa kupitia ubavuni mwa nyumba, pale dirishani. Pazia lilikuwa wazi.

Mzee alikuwa amesimama.

Hakushika ukuta. Alikuwa mbele ya lile kochi kubwa, anapitisha kiganja kwenye mshono wake, taratibu, mpaka mwisho. Akalikalia. Akajirusharusha kidogo, kisha akaweka mikono magotini na kuinuka, bila hata kuguna. Akaenda kwenye kiti kidogo cha kwanza, kilichokuwa kifupi kuliko vyote, akakaa, akainuka. Akaenda cha pili. Kila kimoja alikitikisia kichwa kukikubali, kama alivyokuwa akizunguka lori lake na kuyapiga matairi teke kabla ya safari.

Kwanza Fundi alifurahi. Ilikuwa furaha tupu ya kuona kazi yake imeshika. Ndipo hasira ikaja, na nyuma ya hasira akaona jinsi shingo ya mzee ilivyokonda ndani ya kola yake. Akamwonea huruma, na akachukia kumwonea huruma. Akarudi nyuma hatua moja, akagonga ndoo.

Ndani, mzee alishtuka. Akavuka sebule kwa hatua za haraka, hatua ambazo Fundi alikuwa hajaziona tangu msiba, akaketi kwenye kiti chake, akapanga miguu, akalaza mikono mapajani.

"Mama," akaita. "Uko wapi? Njoo univute."

Fundi akaingia. Simu ikatetemeka mara moja mfukoni mwake, akaiacha. Akasimama mbele ya mzee, akampa mikono miwili. Viganja vya mzee vilikuwa vya moto, na bado vilikuwa na sugu za usukani. Mzee akamtazama usoni, kisha akatazama dirishani.

"Moja," mzee akasema.

Safari hii Fundi hakuhesabu naye.

"Mbili."

Alimshika tu, mikono yake ameilegeza.

"Vuta," mzee akasema, na kwa mazoea akainuka. Alikuwa amekwisha kusimama wima, pumzi yake imetulia, alipoinamisha macho na kuiona mikono ya bintiye ilivyolegea ndani ya mikono yake. Nje lori likapita, kioo cha dirisha kikatikisika, na mzee, aliyezoea kutazama kila lori, hakugeuka. Walisimama hivyo katikati ya viti vya kijani, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kuachia.