Donge la Bluu la Linnea

Mke wa kaka yangu Garrett anaitwa Brynn, na kazi yake ni kuwa mama. Sisemi kwamba ana watoto, maana watoto hata mimi nimezaa. Nasema hiyo ndiyo kazi yake. Ana wafuasi mtandaoni, watu wasio na shughuli kutoka Fargo mpaka Florida, nao hushinda wakimtazama akipika na kuchezea unga na wanawe, Linnea wa miaka saba na Otis wa miaka miwili.

Jumamosi moja kabla ya sikukuu ya Shukrani alitualika mimi na mama yetu, Ardis, kwao hapa hapa Duluth, eti tutengeneze lefse pamoja na vitu vya watoto kuchezea. Ujumbe ulisema tuvae rangi ya maziwa au ya mchanga. Mama akaniuliza rangi ya mchanga ndiyo ipi, nikamwambia ni nguo nyeupe iliyochakaa. Akaja na sweta yake nyekundu. Brynn alimbusu shavuni, akaiangalia ile sweta kama mtu aliyekuta panya kwenye mkate, kisha akamletea aproni ya kumfunika mpaka shingoni.

Jikoni kwenyewe meza ilipambwa kama ya harusi. Mabakuli ya mbao, mchele uliotiwa rangi, vijiti vya mdalasini vilivyofungwa kwa uzi. Sakafuni hapakuwa na chembe ya unga, na jiko ambamo watoto wanakanda unga bila kumwaga, basi hapo hapakandwi kitu. Simu ilisimama kwenye stendi yake, taa ya duara pembeni, nasi tukaonywa tusipite mbele yake. Garrett alikuwa chini ya nyumba anatazama mpira. Kaka yangu alikwishajifunza kuishi kule chini kama boila la maji moto: yupo, anafanya kazi, hatajwi.

Mama alianza kusukuma lefse. Ni chapati ya viazi, nyembamba kama leso, na amekuwa akiisukuma tangu mimi sijazaliwa. Ya kwanza ilipotoka kikaangoni Brynn aliiinua kwa ncha za vidole.

"Mama, hii ina madoa. Hatuwezi kupata isiyo na madoa?"

"Madoa ni moto, mwanangu," mama akasema. "Isiyo na madoa hiyo ni karatasi."

Brynn akacheka kile kicheko chake cha kwenye video, akaiweka kando. Ya pili akaiweka kando, na ya tatu. Mama aliendelea kusukuma, ila sasa alikuwa anabonyeza mti wake wa kusukumia kwa nguvu zaidi.

Kisha ikaja zamu ya watoto. Linnea alipewa unga wa chumvi wa bluu, uliokandwa kwa maji moto na mafuta, na ulikuwa umetoka mzuri, nusu bado mweupe, nusu kama mbingu. Lakini kuukanda alikatazwa. Alitakiwa azamishe mkono, autoe, aangalie juu, acheke. Kisha arudie, kwa sababu kicheko cha kwanza kilitoka na ukungu. Otis yeye aliwekewa karai la ute wa kijani wa kuchezea. Mtoto huyo hapendi kabisa vitu vinavyonata, tunajua sote, akakunja ngumi. Mama yake akamfungua kidole kimoja kimoja, huku anaitabasamia simu na kueleza kwa sauti ya asali kwamba mtoto huijua dunia kwa vidole vyake. Otis akalia mpaka akakauka sauti. Brynn akasema hicho kipande atakikata.

Linnea aliuliza, taratibu tu, "Mama, tukimaliza picha tutacheza?"

"Tukimaliza tutasafisha, mpenzi. Bibi na shangazi wana safari ndefu."

Mimi nakaa mtaa wa pili.

Otis alikuwa amejipaka ute mpaka kifuani, na shati lake la rangi ya mchanga likawa si la mchanga tena, kwa hiyo Brynn akampeleka juu kumbadilisha. Hapo ndipo Linnea aliposhuka kitini, akaitoa simu kwenye stendi, akaiweka katikati ya lile donge la bluu na kulikunja juu yake. Akakanda vizuri, kwa viganja, kama anavyokanda bibi yake. Niliona. Mama pia aliona, akageuza lefse.

Brynn alirudi, akaikosa simu, akaanza kupekua. Alipekua vyumba vya juu, akapekua gari, akaingiza mkono mpaka kwenye mfuko wa aproni ya mama yangu, mwanamke wa miaka sabini na sita. Muda huo wote jiko lilikuwa letu. Otis akakaa chini ya meza na unga mkavu, akawa anaumwaga kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kimya. Lefse zenye madoa tukazipaka siagi na sukari, tukazila zote.

Hatimaye Garrett akapanda ngazi na simu yake mwenyewe, akapiga. Donge la bluu likanguruma mezani.

"Linnea," Brynn akasema. "Umefanya nini?"

"Nimetengeneza mkate. Bado haujaiva."

Simu ilichimbuliwa ikiwa na chumvi kila tundu, ikawaka kidogo, ikazima. Brynn akaketi, akalia machozi ya kweli. Nilimtazama nikakumbuka kwamba mwanawe alipokuwa analia, yeye alikuwa anatabasamu. Kisha akajifuta, akanigeukia.

"Wifi, niazime simu yako. Mwanga bado upo."

"Haina chaji," nikamwambia, nayo mfukoni imejaa tele.

Siku chache baadaye picha ilitoka mtandaoni. Donge la bluu, ncha ya simu imechomoza. Ile simu ilikuwa kuukuu ya Garrett, na lile donge lilikandwa upya kwa ajili hiyo. Brynn aliandika kwamba amemfundisha binti yake kuizika simu ili familia ipate siku moja ya kuwa pamoja kweli. Wanawake wakamjibu kwa maelfu, wanalia, wanamwita mfano. Linnea alikataa kucheka, ndiyo maana picha inaonyesha mikono tu.

Sikukuu ilipofika Brynn aliirudia hadithi hiyo mezani, mbele ya wazazi wake, mbele yetu tuliokuwepo, bila kupepesa macho. Garrett alikuwa anakata bata mzinga. Mama alimgeukia Linnea, akamuuliza kama anataka mchuzi zaidi.

Brynn alipomaliza aligeuka kwangu, anangoja niseme neno. Nilimpitishia viazi.