Kikohozi cha Mwinga

Kadzo alikuwa akiwachujia chai wachimba mawe wa timbo moja kule Kinondo pua yake ilipokohoa. Ilikohoa mara tatu, kavu, kisha ikajisafisha kama yenye koo. Wote walikitambua kikohozi cha mumewe Mwinga, mchimbaji mwenzao aliyefariki mwaka juzi.

"Leo kaamka mapema," alisema mmoja, akapokea kikombe chake.

Kidonda cha puani mwa Kadzo kilianza mwezi wa Ramadhani. Zahanatini walimpima kifua, wakakikuta safi, wakampa mafuta ya kupaka. Aliyapaka miezi minane. Kidonda kikazidi kuchimba, na Mwinga akawa anakohoa kila alasiri.

Mavyaa wake Bi Riziki, mamake Mwinga, alikuwa akija kumsikiliza.

"Hujambo, mwanangu?" aliiuliza pua.

Pua ikikohoa, bibi huridhika, akaendelea kusuka ukili.

Katika hospitali kubwa daktari alikata kijinyama puani, kikapimwa.

"Ni kifua kikuu, mama."

"Kifua kikuu puani?"

"Huingia popote. Nyumbani nani alikuwa akikohoa?"

Pua ikajibu yenyewe. Daktari akaandika.

Aliandika pia barua: wanaume wanane waliokuwa wakilala pamoja na Mwinga katika stoo ya timbo wapimwe, na stoo itobolewe dirisha. Kitsao, msimamizi wa timbo, aliisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Stoo ya saruji haiwekwi dirisha," alimwambia Kadzo. "Mvua itaingia."

Kadzo akaanza dawa. Mwezi wa pili wa dawa kikohozi kilififia, ikabidi bibi asogeze sikio karibu na uso wake. Siku moja akamshika mkono.

"Mwanangu, ruka dawa siku mojamoja. Nimsikie bado kidogo."

"Mama, pua yangu inatoboka."

"Naiona."

Kadzo akameza vidonge mbele yake, akiona haya kama mtu anayemfukuza mgeni kabla hajala.

Mwezi wa sita kidonda kilifunga na pua ikanyamaza. Bi Riziki aliibusu, akamshukuru Mungu, akasema anatoka kidogo.

Alikwenda timboni. Wachimbaji walikuwa wamekwisha kuingia stoo kupumzika, nao sasa walikuwa kumi na mmoja. Akaketi nyuma ya ukuta. Ndani, mtu alikuwa akikohoa, na hakuwa Mwinga. Bibi alimsikiliza mpaka akatulia, kisha akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Na wewe," aliuliza, "u mwana wa nani?"