Siku Mzee Zelig Aliponyamaza

Nimelea wazee Minnesota miaka tisa na sijaona mwenye mdomo kama Mzee Zelig. Ni Myahudi wa miaka themanini na minane, anaishi peke yake kwenye fleti moja huko New Hope, na hunyamaza akilala tu, tena si sana. Atakueleza bei ya viazi mwaka wa 1961, akimaliza akueleze kwa nini rabi wa zamani alikuwa bora kuliko huyu wa sasa. Kwa hiyo msinicheke.

Ilikuwa Sabato yangu ya kwanza kwake. Susan, mwenye zamu hiyo, alikuwa na harusi ya dadake, akanipa maagizo kwa simu.

"Kerubo, taa usi-switch off, hata ya choo. Chakula kiko kwa hot plate, usi-touch hizo button. Na mikate ni miwili, mizima. Usijifanye kumsaidia kukata, ni yeye hukata."

Nikashika yote. Chumvi niliificha mwenyewe juu ya kabati, kwa sababu ya presha yake, wala sikutumwa na mtu.

Kulikuwa na jambo moja lililonikaa rohoni. Binti yake Rivka, anayekaa Champlin, alikuwa ameapa kwamba ambulensi ikija tena kwa baba yake, anampeleka makao ya wazee kule Savage. Mzee aliniambia hayo asubuhi. "Mke wangu alifia chumba kile," akasema. "Na mimi nataka kufia hapo hapo."

Saa sita mchana akaenda kwenye sinki, akajimwagia maji mikononi kwa kopo lenye vishikio viwili, akanong'ona kitu, akarudi kuketi mezani.

"Mzee, maji hayakuwa baridi?"

Kimya.

"Mzee?"

Akatazama meza, akanitazama mimi, akaanza kunyoosha kidole huku na huku. "Mm! Mm!"

Kozi ya kiharusi nimeifanya mara nne. Nikamwambia, "Mzee, smile kidogo." Akakunja uso, mdomo ukaenda upande. "Sema jina lako." "Mmm!"  Nikapiga 911. Aliposikia ninataja anwani, akanyakua mikate yote miwili na kutamka maneno ya lugha nisiyoijua, nami nikamwambia yule wa simu, "Sasa anaongea, lakini haeleweki!" Mzee akakata kipande, akatafuna, akameza.

"Chumvi!" akafoka. "Chumvi ya kuchovyea mkate iko wapi? Mtu akishanawa haongei, ila sala ya mkate tu, mpaka auonje!"

Lakini ambulensi ilishatoka, na Rivka nilishamtumia ujumbe. Vijana wa ambulensi wakampima, wakakuta presha yake ni nzuri kuliko yangu, wakaenda zao. Rivka akaingia amevaa koti juu ya nguo za mazoezi, nikamweleza yote hadi chumvi.

"Imetosha, Baba. Jumatatu tunaenda Savage."

Mzee hakujibu. Safari hii nilijua si sheria iliyomziba mdomo. Nilikaribia kulia kwa aibu, maana nilikuwa nimemtoa mtu nyumbani kwake kwa ajili ya chumvi.

"Na ungeiomba tu!" Rivka akaendelea. "Hata mimi nisiyeshika Sabato nakumbuka. Kitu kinachohitajika kwa mkate wenyewe unaruhusiwa kukitaja."

Huruma ikaniisha papo hapo. "Kumbe ungesema?" nikamgeukia. "Mzee, unataka kuniua na pressure?"

"Nilitaka kuwa mwangalifu zaidi," akasema, macho kwenye sahani. Kisha akainua kichwa. "Rivka, mwaka jana nilianguka bafuni nikiwa peke yangu, nikaita saa tatu nzima, hakuna aliyekuja. Leo nimenyamaza dakika mbili tu, na mwanamke huyu ameniletea gari lenye king'ora. Kule Savage nikinyamaza, nani atashtuka?"

 Rivka akavua koti, akavuta kiti, akaniuliza kama baba yake akibaki hapa naweza kuongeza siku, niwe nakuja kila wiki Jumapili hadi Ijumaa.

Nikasema naweza, mradi Mzee aweke sahihi kwamba ataongea.

"Siku ya Sabato," akasema Mzee Zelig, mdomo umejaa mkate, "mimi siandiki."