Televisheni Iliyochomolewa

Osmund alikuwa na kichaa cha gemu za zamani, na kichaa hicho nusura kimuue baba yake mzazi. Alinunua kompyuta ndogo, ndogo kweli, mtu anaifunika kwa kiganja, na ndani yake zimejazwa gemu zote alizocheza utotoni. Kisha akaanza kulalamika kwamba kwenye televisheni bapa hazinogi, zinataka TV ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mnene. Baba yake, Mzee Sipriani, akasikia malalamiko hayo kwenye simu. Siku ya kliniki yake ya moyo akatoka kijijini kwake Maposeni kuja mjini na bodaboda mbili, moja imembeba yeye, nyingine imebeba TV yake ya chogo ya inchi ishirini na moja, imefungwa blanketi. Dereva wa pili alilia njia nzima kwamba mzigo ule ungemvunja mgongo.

Osmund alikuwa Mbinga kikazi, arudi jioni. Mzee akataka mwanawe akifungua mlango akute gemu inacheza. Basi mchana ule, kwenye nyumba ya Osmund mtaa wa Lizaboni, walibaki wawili tu, Mzee na mkamwana wake Beata, mke wa Osmund.

Ieleweke kwamba katika ukoo ule heshima ya mkwe si mchezo. Beata hakumpa Mzee kitu mkononi; alikiweka kwenye stuli, Mzee akakiokota. Hakumtazama usoni. Kumbishia ndiyo usiseme, na kumgusa hakujawahi kutokea kwa miaka tisa ya ndoa. Sasa taabu ni kwamba Beata ndiye aliyesomea ufundi wa redio na televisheni chuoni, miaka miwili mizima, kabla hajaishia kwenye kibanda cha kutengeneza simu. Mzee alijifundisha mwenyewe, kwa kufungua redio za watu, na hakuwa na habari ya kuuliza mtu.

Mzee akachomeka waya wa rangi tatu, njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu. Sauti ikaja, picha hakuna. Beata alijua palepale kwamba waya wa kompyuta zile mara nyingi rangi zake zimepishana, picha inapita kwenye nyekundu. Akanyamaza. Mzee alipokwenda msalani, akabadilisha haraka na kurudi jikoni kuchambua mchele kama si yeye. Mzee aliporudi akakuta picha imejaa kioo, akacheka peke yake na kujisifu kwamba vitu hivi vinataka subira. Hivyo ndivyo Beata alivyozoea kuishi na mkwe.

Lakini picha haikudumu. Tundu la nyuma la kuchomekea waya lilikuwa limelegea. Ukiligusa picha inakuja, ukiliacha inakwenda. Mzee akatangaza kwamba risasi ya kulehemu imeachia kwa ndani, atafungua aichomelee. Akachomoa waya ukutani, akauinua juu Beata auone, akaomba bisibisi. Beata akatupa jicho ukutani.

Ukutani juu ya TV ilining'inia picha ya Pankrasi, mdogo wake Mzee. Pankrasi alikufa akiwa na mkono ndani ya televisheni, miaka thelathini iliyopita, kwenye chumba cha kaka yake kule Maposeni. Kwa kuwa televisheni ilikuwa imechomolewa, hakuna aliyetaja umeme. Kikao cha ukoo kikakaa, Mzee Sipriani ndiye mwenyekiti, kikaamua kwamba mke wa marehemu, Benigna, ndiye aliyemmaliza mumewe kwa dawa. Wakamrudisha kwao Mbinga hata arobaini haijafika, na nguo alizovaa.

Beata alisimuliwa hayo mwaka alioolewa, na alielewa pale pale alipokaa. Chuoni jambo la kwanza waliloambiwa ni kwamba chogo hubaki na umeme wake hata ukichomoa. Akaumeza ukweli huo. Nani amwambie mkwe kwamba alimfukuza mjane bure? Hata Osmund hakumwambia, na aibu ya kunyamaza ilimkaa kifuani miaka yote tisa.

Sasa aliweka bisibisi kwenye stuli, kwa sababu ameagizwa, na papo hapo akajichukia. Mzee akafungua skrubu ya kwanza. Beata akatoka uani kumpigia Osmund. Simu haipatikani, yuko njiani kwenye milima. Akapiga tena, akapiga mara ya tatu. Akaandika ujumbe kwamba baba asifungue TV, ukagoma kwenda. Aliporudi ndani mfuniko wa nyuma ulikuwa chini na Mzee anapuliza vumbi.

Beata akasema chakula kipo tayari. Mzee akasema chakula hakikimbii. Beata akasema, macho sakafuni, kwamba labda wangemsubiri Osmund, na heshima haikumruhusu zaidi ya hapo. Mzee akacheka. Akasema amefungua redio kabla Osmund hajazaliwa, na tena kitu chenyewe si kimechomolewa. Beata akapiga hesabu kichwani. TV ilikuwa inawaka dakika kumi zilizopita, na moyo wa mzee huyu unatembea kwa vidonge.

Mzee akavuta ubao wa saketi uliobeba lile tundu, usije. Waya mnene mwekundu uliokwenda kwenye kofia ya mpira, ubavuni mwa chogo, uliuzuia. Akainama. Akasema ataing'oa kofia kwanza. Mkono wa kushoto akauegemeza kwenye chuma, wa kulia akapeleka vidole chini ya mpira, taratibu, kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku. Beata aliutazama mkono ule ukienda.

Alijikuta amepiga magoti na kumkamata Mzee kifundo cha mkono, kwa mikono yake yote miwili.

"Baba, usiguse. Utakufa kama Baba Mdogo Pankrasi."

Mzee hakumtazama usoni. Alitazama mikono iliyomshika. Beata hakuachia.

"Imechomolewa," Mzee akasema.

"Na ile ilikuwa imechomolewa, Baba."

Beata akamrudisha mkono ule pajani, akachukua waya wa chaja mbovu, mkia mmoja akaufunga kwenye chuma kilichozunguka chogo, wa pili kwenye shingo ya bisibisi. Akashika mpini wa plastiki, mkono mwingine akauficha mgongoni kama walivyofundishwa. Aliogopa sana, jasho lilimwingia machoni. Akaisukuma ncha chini ya kofia, umeme uliobaki utoke.

Paa! Mlio ukajaa sebule na cheche ya bluu ikaruka. Mzee akaanguka nyuma, akakaa sakafuni, miguu mbele. Waya wa TV ulikuwa umelala pembeni yake, plagi yake haijachomekwa popote. Aliitazama plagi ile. Kisha akainua macho kwenye picha ya mdogo wake, na uso wake ukaanza kubadilika.

Beata akakimbilia vidonge na maji. Aliporudi, kwa mazoea, alitafuta stuli ilipo. Kisha akaiacha, akaviweka vidonge kwenye kiganja cha mkwe wake na kukifunga vidole. Mzee akameza, maji mengine yakamwagikia kifuani.

"Mimi ndiye niliyechomoa siku ile," akasema. "Nilimwonyesha waya. Nikamwambia, ingiza mkono, hakuna kitu."

Beata akampokea bilauri ya maji.

Nje bodaboda ilisimama, na sauti ya Osmund ikasikika akimlipa dereva na kutaniana naye, anauliza kwa nguvu kama wameshaiwasha gemu yake au bado. Mzee akamshika Beata mkono, safari hii yeye, kwa nguvu za mtu anayezama.

"Benigna yuko hai?"

"Yuko hai, Baba. Yuko kwao, Mbinga."

"Kesho unipeleke," akasema. "Uingie wewe kwanza. Mimi namwogopa."